Majibu ya Mwisho wa Kitabu

Karibu kila kitabu cha hesabu kinachotumika katika shule zetu za sekondari kina kurasa chache za mwisho ambazo huchakaa kabla ya nyingine zote. Mtu akitaka kujua kitabu kimetumika miaka mingapi, asitazame jalada. Atazame kurasa hizo. Zimelegea, zina alama za vidole, na pengine zimekwisha kuchanwa zikaenda zao. Hizo ndizo kurasa za majibu. Mwanafunzi hufanya swali, kisha hufunua nyuma. Akiona namba yake ni ile ile, hujitilia alama ya vema, hulala usingizi. Akiona siyo, hufuta yake, huandika ya kitabu, naye hulala vile vile. Na siku hizi wako wengi wasiohitaji hata kufunua, maana huuliza simu.

Twapenda leo kuzikosoa kurasa hizo, hasa zile za takwimu na za uwezekano, ambazo kwa miaka mingi zilifundishwa katika kidato cha tatu na cha nne. Si kwamba twazichukia. Katika hesabu za kujumlisha na kuzidisha, jibu la nyuma ni msaada mwema, maana 7 mara 8 ni 56 hapa Songea, tena ni 56 Ulaya. Lakini takwimu na uwezekano si hesabu za namna hiyo. Humo namba yaweza kuwa sawa na maana yake isiwe sawa. Tena namba ya makosa yaweza kupendeza machoni kuliko ile ya kweli. Kwa hiyo kusahihisha kazi za namna hii kwa kulinganisha namba na namba ni kufanya kazi ya karani, wala si kazi ya mwalimu. Na jambo hili si dogo. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu hesabu katika nchi nzima walikuwa kama mmoja tu katika kila watano. Mzazi aliyeuza mahindi yake apeleke mtoto shuleni ana haki ya kuuliza vema zile za daftari zilitoka wapi.

Tunacho mkononi kitabu kimoja. Jina lake hatulitaji, maana aliyekitunga hayupo hapa ajitetee, tena makosa yake si yake peke yake. Tumeyaona katika vitabu vingine vitatu au vinne. Katika sura ya takwimu kuna swali ambalo kwa Kiswahili ni hivi: Nyumba 7 za kijiji kimoja zilivuna magunia haya ya mahindi: 8, 9, 10, 11, 12, 14, 62. Je, nyumba ya kawaida ya kijiji hiki ilivuna magunia mangapi? Ukifunua nyuma waona 18.

Tulishuhudia daftari la msichana mmoja aliyejibu 11, naye akatiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu. Haya, tulipime jambo hili kwa haki. Kwanza jibu la kitabu. Jumla ya magunia ni 126. Gawanya kwa 7, wapata 18. Tena iko njia nyingine ya kuhakikisha wastani, nayo ni nzuri kwa kuwa haihitaji kuirudia kazi ile ile: hesabu kila nyumba imepungukiwa na 18 kwa magunia mangapi, au imezidi kwa mangapi. Walio chini wamepungukiwa 10, 9, 8, 7, 6 na 4, yaani 44. Aliye juu amezidi 44. Upungufu na ziada vimelingana, basi wastani ni 18, hauna shaka. Mtoto akijua njia hii hana haja ya kufunua nyuma hata mara moja.

Lakini swali halikuuliza wastani. Liliuliza nyumba ya kawaida. Nyumba sita katika hizo saba hazikufika 18, tena iliyo juu kabisa kati ya hizo sita ina 14. Hiyo nyumba ya magunia 18 haimo kijijini. Aliyevuna 62 amewavuta wote juu, hali wao hawakuonja hata kikapu kimoja cha mavuno yake. Msichana yule alizipanga nyumba kwa utaratibu, akachukua ile ya katikati, ambayo tatu ziko chini yake na tatu juu yake, akaandika 11. Mtu yeyote anayeishi katika kijiji kile angemwambia kwamba amenena kweli. Na kama bwana shamba angepeleka habari wilayani kwamba kila nyumba ya kijiji kile ina magunia 18, ingedhaniwa kwamba hakuna mwenye haja, na ile nyumba ya 8 ingefika Februari haina kitu.

Twajua atakayejibu kwamba swali liliwekwa chini ya kichwa cha Wastani, na mtoto alipaswa kuelewa. Vema, basi mtungaji angesema, tafuta wastani, naye angelikuwa salama. Alipoongeza maneno ya nyumba ya kawaida ili swali lipendeze, alilibadili swali lenyewe bila kulibadili jibu. Hili ndilo kosa tunalolaumu. Msichana hakubishana na mwalimu wake. Alifuta 11, akaandika 18, akapata vema. Alichojifunza siku ile hakimo katika sura yoyote ya kitabu: kwamba akili yake mwenyewe ikishindana na ukurasa wa nyuma, akili ndiyo iliyokosa.

Wala wastani hatuutupi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba nyumba moja katika Tanzania ina watu 4.3 kwa wastani. Hakuna nyumba yenye watu wanne na sehemu tatu za kumi za mtu, walakini namba hiyo si uongo. Yafaa sana kwa kupima chakula cha wilaya nzima. Haifai kwa kupima unga wa chungu kimoja. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa sentensi mbili ameelewa takwimu kuliko mwenye kurasa kumi za magawanyo.

Sasa tuje kwenye uwezekano, ambako mambo ni magumu zaidi. Kitabu kile kile chasema: Kikapu kina maembe mabivu 5 na mabichi 3. Mtoto anatoa embe moja bila kutazama, kisha anatoa jingine. Je, ni uwezekano gani wa yote mawili kuwa mabivu? Jibu la nyuma ni 25/64. Mvulana mmoja aliandika 5/14, naye pia alipata kosa.

Walimu wengi hufundisha kipimo cha jumla: andika mambo yote yawezayo kutokea, toa uwezekano wa kila moja, ujumlishe, isipokuwa 1 kamili, umekosa. Ni kipimo kizuri, nasi twakisifu. Tukitumie hapa. Kwa njia ya mvulana, tukihesabu kwa sehemu za 56: mabivu mawili ni 20, mabichi mawili ni 6, moja bivu na moja bichi ni 30. Jumla 56. Kwa njia ya kitabu, kwa sehemu za 64: mabivu mawili ni 25, mabichi mawili ni 9, moja la kila namna ni 30. Jumla 64. Loo! Wote wawili wamefaulu kipimo. Basi kipimo cha jumla hakitoshi kuamua, kwa sababu chapima kama hesabu zapatana zenyewe kwa zenyewe, hakipimi kama zapatana na kikapu.

Tofauti iko katika jambo moja tu ambalo swali halikulisema: je, lile embe la kwanza lilirudishwa kikapuni? Kitabu kimehesabu kana kwamba lilirudishwa. Mvulana amehesabu kana kwamba halikurudishwa. Nasi twauliza, ni mtoto yupi wa Songea, au wa Mbinga, au wa mahali popote panapoota maembe, atoaye embe bivu kikapuni kisha akalirudisha kabla ya kutoa la pili? Mvulana alisoma swali kama lilivyoandikwa, akatia akili ya kawaida mahali palipoachwa wazi. Mtungaji alitaka somo la kurudisha, akasahau kulisema. Hapa mwalimu mwema hatii vema wala kosa mpaka amemwuliza mtoto, Ulifikiri embe lilikwenda wapi? Swali hilo moja lasahihisha kuliko kurasa zote za nyuma.

Pengine msomaji atasema twawasumbua wenye elimu kwa mambo ya watoto. Lakini katika hesabu za uwezekano wenye elimu wamejikwaa tangu mwanzo. Elimu hii ilianza kupata nguvu mwaka wa 1654, Pascal na Fermat wa Ufaransa walipoandikiana barua juu ya michezo ya bahati. Miaka 100 baadaye, mwaka wa 1754, mwanachuoni mkubwa wa Ufaransa, d'Alembert, aliandika habari ya sarafu katika kamusi kubwa ya elimu iliyokuwa ikichapwa Paris. Swali lilikuwa jepesi: ukirusha sarafu mara mbili, ni uwezekano gani wa kupata kichwa walau mara moja? Yeye alisema, kichwa kikitoka mara ya kwanza mchezo umekwisha. Basi yako mambo matatu tu: kichwa, au nyuma kisha kichwa, au nyuma mara zote mbili. Mawili katika matatu yatufaa, basi jibu ni theluthi mbili. Jibu hilo ni kosa. Mambo yale matatu hayana uzito mmoja, maana lile la kwanza hutokea nusu ya nyakati, na kila moja la mengine robo. Jibu la haki ni robo tatu.

Twalitaja jambo hili kwa kuwa lafundisha namna ya kuhakikisha jibu bila kitabu. Darasa lenye watoto 40, kila mmoja arushe sarafu mara mbili, naye afanye hivyo mara 10. Hayo ni majaribio 400. Kwa hesabu ya d'Alembert kichwa kitaonekana katika kama 267. Kwa hesabu ya haki, katika kama 300. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, na kazi yote humalizika kabla ya kengele. Galileo wa Italia naye aliulizwa jambo la jinsi hii: kwa dadu tatu, jumla ya 9 yaweza kufanyika kwa namna sita, na jumla ya 10 kwa namna sita vile vile, mbona wachezaji wameona 10 yatokea zaidi? Alihesabu kwa uangalifu, akaona kwamba katika mipango 216 ya dadu tatu, 9 ina mipango 25 na 10 ina mipango 27. Wachezaji walikuwa na haki, na ile hesabu ya namna sita kwa sita ndiyo iliyodanganya. (Tofauti ya 25 na 27 ni ndogo sana, walioigundua kwa macho lazima walicheza usiku na mchana, na wake zao walikuwa na la kusema.)

Hapa twataka kukosoa jambo jingine ambalo ni la walimu wenyewe. Mwalimu huagiza, Kila mmoja arushe sarafu mara 100 nyumbani, aandike matokeo. Kesho yake madaftari yote yaja na 50 kwa 50. Naye hutia vema zote! Ndugu zetu, hilo ndilo jibu la kushuku kuliko yote. Sarafu iliyo sawa ikirushwa mara 100, kupata kichwa mara 50 kamili hutokea kama mara 8 tu katika kila majaribio 100. Kupata kati ya 40 na 60, ndiyo, huko hutokea kama mara 96. Basi mtoto aliyeleta 46 yaelekea alirusha; walioleta 50 darasa zima walikuwa wakicheza mpira.

Mtu mmoja aliyerusha kweli ni John Kerrich, mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Witwatersrand huko Afrika Kusini. Mwaka wa 1940 alikuwa Denmark Wajerumani walipoiingia nchi hiyo, akafungwa kambini. Humo, kwa kuwa muda ulikuwa mwingi na vitabu vichache, alirusha sarafu mara 10,000 akiandika kila mrusho, akapata kichwa mara 5,067. Hakupata 5,000 kamili, wala hakurekebisha ipendeze.

Habari ya sarafu yatukumbusha ugomvi wetu wa zamani na lugha. Vitabu vyetu vyasema sarafu ina kichwa na mkia. Mkia gani? Hiyo ni kalima ya Waingereza iliyovukishwa bahari bila mzigo wake. Shilingi 200 yetu ina uso wa Sheikh Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Na kama mkia umo, ni wa simba. Kwa nini tusiseme uso na simba, mtoto akajua lipi ni lipi? Hili ni dogo, lakini yako makubwa. Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na maneno yao yenye maana ya si chini ya mawili, na yasiyozidi mawili, na zaidi ya mawili, huchanganywa na watoto wenye akili nzuri kabisa. Twaliona daftari ambalo hesabu yote ilikuwa safi, ila mtoto ameihesabu zaidi ya mawili mahali palipotakwa si chini ya mawili. Huyo hakukosa hesabu, amekosa neno. Kumtia kosa moja lile lile na mwenzake aliyebahatisha ni kutojua dawa ya ugonjwa.

Mwalimu mwenye madaftari 80 mezani na taa isiyo na mafuta ya kutosha atatuuliza, Nitasoma kila mstari saa ngapi? Twamhurumia, na hatumwagizi afanye asiyoweza. Lakini yako mambo yanayoonekana kwa kupitisha jicho tu. Uwezekano hauzidi 1 wala haushuki chini ya 0. Nasi tumeona daftari lenye 7/5 limetiwa vema. Wastani hauwezi kuwa mdogo kuliko namba ndogo ya zote, wala mkubwa kuliko iliyo kubwa. Katika majedwali ya makundi, hesabu za makundi zikijumlishwa lazima zirudi kwenye idadi ya watu walioulizwa. Watoto wenyewe waweza kufundishwa kupitisha jicho hilo kabla ya kuleta daftari, na mwalimu akabaki na kazi ya yale machache yenye mashaka. Simu yaweza kumpa mtoto jibu, hata na hatua zake. Lakini haiingii chumba cha mtihani, wala haijui kama embe lilirudishwa.

Liko swali la mwisho katika kitabu kile, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Lasema: Ugonjwa fulani unao watu 20 katika kila 1,000. Kipimo cha damu huwagundua wagonjwa 19 katika kila 20. Na katika wazima, 5 katika kila 100 huonyeshwa kimakosa kuwa wana ugonjwa. Mtu amepimwa, akaambiwa anao. Je, ni uwezekano gani kwamba anao kweli? Jibu la nyuma ni 0.95.

Wasomaji, wengi wetu tumekaa kwenye benchi la zahanati tukingoja karatasi ya namna hiyo, sisi au watoto wetu. Basi tusihesabu kwa sehemu zinazochanganya kichwa, tuhesabu watu. Mwanachuoni Mjerumani Gerd Gigerenzer ameonyesha kwamba hata waganga huelewa vizuri zaidi wakihesabu watu kuliko wakihesabu sehemu za mia. Waje watu 1,000. Wagonjwa ni 20. Kipimo chawashika 19. Wazima ni 980. Katika hao kipimo chakosea 5 kwa kila 100, yaani chawashika wazima 49. Walioambiwa wanao ni 19 na 49, jumla 68. Wenye ugonjwa kweli katika hao 68 ni 19, ambao ni zaidi kidogo ya robo. Mtungaji amechukua namna kipimo kinavyowagundua wagonjwa, akaigeuza kuwa namna ya kumwamini mtu aliyeambiwa anao. Ni mambo mawili mbalimbali, kama vile kusema karibu kila mvuvi ana mtumbwi si kusema karibu kila mwenye mtumbwi ni mvuvi. Ndiyo sababu waganga wenye busara hupima tena kwa kipimo cha namna nyingine kabla ya kumwambia mtu neno zito.

Mtoto atakayejibu 19/68 atatiwa kosa na kila mwalimu anayefuata ukurasa ule. Kitabu hicho kikichapwa tena, twamwomba mtungaji aondoe ile 0.95, aandike mahali pake watu 1,000, kisha 20 na 980, kisha 19 na 49, kisha 68. Mahali papo, maana chini ya jibu hilo pameachwa nusu ya ukurasa mweupe.